Inchi Ishirini na Robo Zisizoonekana

Kugawanya volti kwa ampea ni hesabu ya darasani. Soketi ina volti 230, birika la umeme linavuta ampea 8.7, basi ukinzani wake ni omu 26 na ushee. Zidisha badala ya kugawanya na utapata wati 2,000. Kinachostahili kutazamwa ni namna sheria iliyo nyuma ya hesabu hii, sheria ya Ohm, ilivyopatikana na mtu ambaye hakuwa na volti wala ampea, kwa kuwa vizio hivyo vilikubaliwa kimataifa mjini Paris mwaka 1881, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Georg Simon Ohm, mtoto wa fundi kufuli wa Erlangen, alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Cologne, Ujerumani. Mwaka 1825 alijaribu kwa betri ya Volta: abadilishe urefu wa waya, atazame mkondo unavyopungua. Betri ilimhangaisha. Waya ukiungwa tu mkondo hupanda ghafla, kisha hunywea kabla mtu hajamaliza kusoma kipimo. Kanuni aliyoitoa mwaka huo ilikuwa ya logi, nayo haikuwa sahihi. Poggendorff, mhariri wa jarida la Annalen der Physik, akamshauri aiache betri na atumie ugunduzi wa mwanafizikia Seebeck, uliokuwa na miaka michache tu: metali mbili zikiungwa, kiungo kimoja kikawa cha moto na kingine cha baridi, umeme hutembea.

Kwa maoni yangu, ushauri huo ndio nusu ya sheria yenyewe. Ohm alichukua kipande cha bismathi, akakiunga na shaba nyekundu kwenye ncha zote mbili. Kiungo kimoja akakiweka kwenye joto la maji yanayochemka, kingine kwenye barafu inayoyeyuka. Maji yakishachemka hayazidi joto hata ukichochea moto, na barafu nayo haiondoki kwenye sifuri hadi iishe. Msukumo wa umeme ukatulia. Mkondo aliupima kwa sindano ya sumaku iliyoning'inia kwenye utepe mwembamba wa dhahabu. Mkondo ukiisukuma sindano, yeye husokota utepe mpaka sindano irudi mahali pake, na kiasi cha msokoto ndicho kipimo.

Alikuwa na waya nane za shaba, unene mmoja, urefu wa inchi 2, 4, 6, 10, 18, 34, 66 na 130. Katika mojawapo ya majaribio ya Januari 1826, waya wa inchi 2 ulitoa kipimo cha 326¾, na ule wa inchi 130 ukatoa 48½. Hapa mwanafunzi mwenye haraka angekata tamaa. Urefu umeongezeka mara 65, lakini mkondo haukupungua hata mara 7!

Ohm alipata jibu kwa kutoutazama waya peke yake. Umeme hupita pia ndani ya bismathi, kwenye shaba ya kifaa na kwenye viungo, na njia hiyo yote nayo inakinza. Akaikadiria kuwa sawa na inchi 20¼ za waya uleule. Ijumlishe: 2 inakuwa 22¼, 130 inakuwa 150¼. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate mara 6.75, na 326¾ kwa 48½ ni mara 6.74. Mwaka 1827 akalichapa jambo hilo katika kitabu.

Inchi hizo za ziada ziko majumbani mwetu hadi leo. Tuseme soketi inasoma volti 228 ikiwa haina mzigo, na birika letu la omu 26.4 likiwashwa inashuka hadi 206. Mkondo ni 206 kwa 26.4, yaani ampea 7.8. Volti 22 zilizopotea, ukizigawa kwa 7.8, zinakupa omu 2.8: huo ndio ukinzani wa waya na viungo vyote vilivyotangulia soketi. Birika linapata wati 1,600 hivi badala ya 2,000, kwa hiyo chai inachelewa. Wati nyingine 170 zinapasha joto nyaya. Mwanafizikia Joule alionyesha mwaka 1841 kwamba joto hilo hufuata mraba wa mkondo, hivyo mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne.

Mita ya omu peke yake haitoshi kwa kazi ya kuutafuta ukinzani kama huo. Balbu ya waya ya wati 100 hutoa omu 529 kwa hesabu ya volti 230, lakini ukiipima ikiwa baridi haifikishi hata sehemu ya kumi ya hizo, kwa sababu ukinzani wa tangsteni hupanda sana na joto. Kiungo kilicholegea nacho huweza kuonekana kizima mpaka kibebe mzigo.

Kwa hiyo fundi apime volti birika likiwa linachemsha, kwanza kwenye swichi kuu, kisha kwenye soketi. Zikipotelea kati ya sehemu hizo mbili, akague nyaya za nyumba, hasa viungo na skrubu za soketi. Zikiwa zimepungua tayari kwenye swichi kuu, tatizo liko upande wa nguzo, na kubadilisha soketi ni kupoteza pesa.