Hatamu Iliyolegea

Mara ya kwanza nilipompanda farasi jike yule, hatukutembea hata hatua moja. Lango lilifunguliwa, akainua kichwa hadi masikio yakakaribia pua yangu, akakaza mgongo, akaondoka. Hakunirusha. Alikwenda kasi lakini kwa ulaini, kama mtu anayekimbilia daladala na ndoo ya maji kichwani. Nikavuta hatamu, akazidi. Nikabana miguu nisianguke, akazidi tena. Mzee mwenye farasi alikuwa ameegemea ua, na nilipopita mbele yake mara ya tatu aliniambia neno moja tu: "Pumua."

Pale palikuwa nje kidogo ya Lexington, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Ni mji uliopokea Wakongo wengi, kiasi kwamba Kiswahili hukikosi dukani wala kanisani. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kuzoa samadi na kugawa nyasi kavu. Kupanda kulikuja baadaye, jioni, kazi ikiisha.

Jike mwenyewe alikuwa na rangi ya chokoleti, na manyoya ya shingo meupe kama katani. Aina yake huitwa Rocky Mountain, jina linalobabaisha kidogo, maana farasi hawa walipata umaarufu si katika milima yenye jina hilo bali katika vilima vya mashariki ya Kentucky. Huko mkulima alihitaji mnyama mmoja wa kulima, kubeba mzigo na kumfikisha mtu kwa jirani bila kumvunja kiuno. Wengi wao huhesabu ukoo wao hadi kwa dume mmoja, Old Tobe, wa Sam Tuttle, aliyekuwa akiwapandisha watalii farasi kwenye hifadhi ya Natural Bridge. Old Tobe hakuhasiwa, na bado alikabidhiwa wageni wasiowahi kushika hatamu. Wafugaji walipounda chama chao mwaka 1986, walikuwa wanalinda mambo mawili: mwendo ule na upole ule. Mimi mwendo nilikuwa nimeupata. Upole ndio sikujua njia yake.

Farasi wa kawaida akiacha kutembea huingia matiti: mguu wa mbele wa kushoto hutua pamoja na wa nyuma wa kulia, na mpanda hurushwa juu na chini. Farasi hawa wana mwendo mwingine, ambao nitauazimia neno la zamani la punda wa pwani, telki. Kila mguu hutua peke yake: nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia. Ukisikiliza utasikia mapigo manne yaliyogawanyika sawasawa, kama ya wanawake wanaopokezana michi kwenye kinu kimoja. Mwaka 2012 watafiti wa Sweden na wenzao walionyesha kwamba badiliko katika jeni moja, DMRT3, linalofanya kazi kwenye uti wa mgongo, lina mkono mkubwa katika miendo ya namna hii. Kwa hiyo mwalimu asijigambe kwamba amemfundisha farasi telki. Farasi kazaliwa nayo.

Nilichochelewa kuelewa ni kwamba mpangilio huo wa miguu ndio ule ule wa kutembea. Telki ni matembezi yaliyoharakishwa, basi. Ndiyo maana farasi aliyepoteza matembezi, telki yake nayo huharibika kuanzia mzizini. Hofu humkaza mgongo, miguu ya upande mmoja ikaanza kutua pamoja kama ya ngamia. Mapigo manne huwa mawili, na mpanda huyumbishwa huku na huku.

Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Mimi nilipasuka msamba juu ya farasi mmoja. Miguu yangu ilimwambia nenda, mikono ikamwambia simama, na yeye, maskini, akatii amri iliyomtisha zaidi.

Wiki nzima mzee hakuniruhusu kupanda. Nilimtembeza jike kwa kamba, nasimama, naweka mkono nyuma ya masikio yake, nasubiri. Akishusha kichwa, hata kwa upana wa vidole viwili, naondoa mkono. Zawadi yake ilikuwa hiyo, mkono kuondoka. Niliporudi kwenye tandiko, masharti yalikuwa yale yale. Toa pumzi, acha nyonga zifuate mgongo wa mnyama. Akikupa hatua tatu za utulivu, msimamishe na umsifu kabla hajaziharibu. Akianza kuharakisha, msivutane. Mgeuze, mzungushe duara, duara dogo zaidi, mpaka aone mwenyewe kwamba haraka haimfikishi popote. Siku nyingine tulilaza magogo manne membamba chini. Ili ayavuke, ilimbidi atazame anakokanyaga na kuinua mguu mmoja mmoja, na ile miguu iliyokuwa imeshikana ikaachana.

Kwa mtazamaji, hayo yote ni bure. Mtu juu ya farasi anayekwenda polepole, nani atamlipia kiingilio? Jimbo la jirani, Tennessee, lina farasi wake maarufu wa mwendo, na baadhi yao walipakwa kemikali za kuunguza juu ya kwato, wakafungwa minyororo, ili maumivu yawafanye wainue miguu juu mbele ya majaji. Sheria ya Marekani ya kupiga marufuku ukatili huo ilipitishwa mwaka 1970. Makofi yalipigwa kwa sababu kilichoongezwa kilionekana. Ufundi wa mzee ulikuwa wa kupunguza, na kinachopunguzwa hakina mahali pa kukionyesha.

Isipokuwa kwenye tope. Jioni moja baada ya mvua, tukiwa mzunguko wa pili, jike alipuliza pua kwa kishindo, akaanza kutafuna lijamu taratibu, akanyoosha shingo. Hatamu ikateleza katikati ya vidole vyangu, nami nikaiacha iende, mpaka nikawa nimeshika ncha yake tu. Mgongo wake ulianza kucheza chini yangu, kushoto, kulia. Tulikuwa tunatembea.

Mzee hakusema kitu. Aliingia uwanjani, akachuchumaa, akanionyesha alama za kwato. Siku zile za kwanza, mguu wa nyuma ulikuwa ukitua pungufu, nyuma ya alama ya wa mbele. Sasa ulikuwa umeipita kwa shubiri nzima.

"Sasa unaweza kumwomba mwendo wake," akasema.

Nikamjibu kwamba nitamwomba kesho. Leo tunatembea.