Shahidi au Mfiadini?

Waalimu wanaosimulia habari za watu waliouawa kwa ajili ya imani hutumia maneno mawili kana kwamba ni moja: shahidi na mfiadini. Yafaa tuyapime, maana kila neno humwongoza msikilizaji kwa njia yake.

Shahidi limetoka katika Kiarabu. Sawasawa na neno la Kiyunani la Agano Jipya, maana yake ya kwanza ni mtu aliyeona jambo akalisema mbele ya watu. Maana ya kifo ilifuata baadaye. Mfiadini ni yeye aifiaye dini. Neno hili ni wazi, wala halichanganyiki na shahidi wa barazani, wala na shahidi wa Waislamu. Walakini lataja kifo tu. Halitaji alilolisema marehemu.

Katika Ganako tofauti hii ina uzito. Wairaqw, walioenea toka Irqwar Da'aw hata Karatu, walikuwa na desturi ya metimani: nyumba iliyopatwa na misiba ya namna fulani ilitengwa kwa muda, watu wake wasichangamane na jirani, ili balaa isienee. Desturi hii ililinda ujirani, wala si vema kuidharau. Lakini mtu aliyelelewa kwayo, akisikia kifo kikisifiwa peke yake, aweza kuuliza, «Balaa yatukuzwaje?» Akiambiwa shahidi, aelewa ya kuwa mateso hayakumtenga marehemu na wenzake, neno lake limebaki kati yao. Hapo tumaini lapata mahali pa kusimama.

Tutazame mfano ulio karibu. Mwezi wa Oktoba 1896, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Leipzig, waliuawa Akeri katika nchi ya Meru, na Wachaga waliofuatana nao wakauawa pamoja nao. Mara nyingi wale wawili hutajwa kwa majina, na Wachaga kwa hesabu tu. Tena msimulizi huruka upesi mpaka mwaka 1902, kituo kilipoanzishwa Nkoaranga. Kati ya miaka hiyo Wajerumani, chini ya Kapteni Johannes, walipiga vita vya kulipiza kisasi, wakaua watu na kuteka ng'ombe. Asimuliaye mauaji na kuacha kisasi ametoa ushahidi nusu, na wazee wa baraza hawaupokei ushahidi wa namna hiyo. Kanisa la Meru lilikua kati ya watu waliokuwa na makaburi yao wenyewe ya kuomboleza. Hilo si jambo la kuficha, kwa maana tumaini lisiloweza kusikia kilio cha mwingine si la Kikristo.

Basi, mfiadini litumike katika kalenda na katika mitihani, palipo haja ya neno lisilo na utata. Katika mahubiri na katika darasa la ubatizo tuseme shahidi, kisha tueleze alishuhudia nini, mbele ya nani, na ni nani aliyeteswa pamoja naye, hata kama jina lake halikuandikwa.