Heko, wachonga mipini wa Musonoi

Kolwezi, huko Kongo-Kinshasa, inajulikana duniani kwa shaba na kobalti. Lakini mimi nawasifu wachonga mipini wa Musonoi, mtaa wa Kolwezi. Sururu ya mchimbaji bila mpini ni chuma tu. Fundi huchagua mti mgumu, kama mulombwa, wenye nyuzi zilizonyooka, akauacha ukauke taratibu. Mti mbichi ukisinyaa, chuma hulegea, na chuma kinachochomoka shimoni huweza kuua. Kisha hukwangua kwa kipande cha chupa, hupiga msasa, hupaka mafuta, huupitishia kiganja tena na tena akitafuta panapokwaruza, maana kibanzi kimoja humharibia mchimbaji siku nzima. Heshima ya mpini haikuanza leo: zamani mafundi wa Kiluba walivisha shaba mipini ya shoka za machifu. Mpini uliokaushwa vizuri mimi siupatanii bei.