Doa la kutu na mahali lilipo

Julai inapofika, katika hifadhi ya Murphy-Hanrehan huko Savage, kusini mwa Minneapolis, maua ya Monarda huvamiwa na nyuki wanene wenye manyoya. Aliyekulia Afrika Mashariki hawajui: jenasi hii, Bombus, haipo kiasili kusini mwa Sahara. Wale weusi wakubwa wanaotoboa boriti zetu ni wengine kabisa.

Anayetafutwa zaidi ni Bombus affinis. Mwaka 2017 Marekani ilimwingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na mwaka 2019 Minnesota ikamfanya nyuki wa jimbo. Eneo la Minneapolis na Saint Paul ni miongoni mwa machache ambako bado anaonekana, kwa hiyo picha ya mkazi wa kawaida ina thamani kubwa kwa watafiti.

Picha nyingi, hata hivyo, hazithibitishi kitu, kwa kuwa mpigaji amefuata rangi akasahau mahali rangi ilipo. Bombus griseocollis naye ana kahawia tumboni. Kinachowatenganisha ni pingili ya pili ya tumbo. Kwa affinis, doa la kutu hukaa katikati, na njano hulizunguka pembeni na nyuma. Kwa griseocollis, kahawia hushika ukingo wa mbele tu, na nyuma yake ni nyeusi. Kisha tazama kifua: affinis ana weusi kati ya mabawa unaochomoza kuelekea nyuma kama mkia mwembamba, mwenzake ana kiduara kidogo cheusi.

Kwa hiyo picha ya kwanza lazima ipigwe kutoka juu. Ya pili ipigwe ubavuni, ya tatu usoni. Asubuhi ya baridi ndiyo bora, maana nyuki huwa mzito kuruka. Asikamatwe, kwani sheria inamlinda. Yapo mawili ya kuzingatia: malkia hana doa kabisa, na nyuki mzee hupukutika manyoya hadi rangi ikafifia. Ukipakia picha kwenye iNaturalist, jukwaa la kutambua viumbe kwa picha, programu itapendekeza jina papo hapo. Mimi nasema usilipokee kabla ya kuikagua pingili ile mwenyewe.

Ukigeukia buibui, wao hutaka kinyume chake: mtazame usoni. Wengi wana macho manane, na mpangilio wake ndio huonyesha familia. Phidippus audax, mrukaji mweusi mwenye taya za kijani zinazometa, ana macho mawili makubwa mbele, katikati. Lycosidae, wawindaji wanaokimbia ardhini, wana manne madogo kwa safu chini, mawili makubwa juu yake, na mengine mawili nyuma zaidi. Hao uwatafute usiku: shika tochi karibu na jicho lako, umulike nyasi, na macho yao yatarudisha mwanga hata kabla hujaona mwili.