Senti Ishirini Zilizopungua: Sarafu, Simu na Askari katika Filamu ya Dr. Strangelove

Utangulizi

Mjadala kuhusu filamu ya Dr. Strangelove (1964), iliyoongozwa na Stanley Kubrick, kwa kawaida hujikita katika mambo makubwa: hofu ya vita vya nyuklia, wazimu wa majenerali, na ufundi wa Peter Sellers aliyeigiza wahusika watatu. Makala haya yanachunguza kitu kidogo kabisa katika filamu hiyo, yaani sarafu. Hoja inayojengwa ni kwamba sarafu katika kazi hii si kichekesho cha kuipumzisha hadhira kabla ya maangamizi, bali ni kipimo cha uhusiano uliopo baina ya dola, kampuni na askari. Aidha, makala yanadai kwamba kipimo hicho kina upungufu wake, na kwamba upungufu huo hudhihirika zaidi filamu inaposomwa kutoka Gilgil, mji wa Bonde la Ufa ambao historia yake imefungamana na kambi za jeshi na pia na simu.

Huenda ikaulizwa kwa nini filamu ya Mmarekani iitwe ya Kiingereza. Kubrick aliitengeneza katika studio za Shepperton nchini Uingereza, akitumia riwaya ya Mwingereza Peter George iliyotoka mwaka 1958, na chuo cha filamu cha Uingereza kiliipa tuzo ya filamu bora ya nchi hiyo. La muhimu zaidi ni kwamba mhusika anayetafuta sarafu, Mandrake, ni ofisa wa jeshi la anga la Uingereza aliyeazimwa kwa Wamarekani. Mtu wa dola iliyokuwa ikipoteza makoloni yake anasimama katika kibanda cha simu cha dola iliyopanda, mifuko ikiwa karibu mitupu.

Tukio la kibanda cha simu

Jenerali Ripper ameamuru ndege zake zikaishambulie Urusi bila idhini ya Rais, kisha amejiua. Mandrake amefaulu kukisia herufi tatu za siri zinazoweza kuzirudisha ndege hizo. Simu za kambi zimekatika katika mapigano. Kanali Guano, aliyeiteka kambi, anamshuku Mwingereza huyu na kumshika kama mateka. Njia pekee iliyosalia ni simu ya umma ukumbini, ile inayokula sarafu.

Hapa ndipo msanii anapojenga kinaya chake kwa hatua. Kwanza, Mandrake anaomba simu ilipiwe na mpokeaji, nao walio upande wa Rais wanakataa kuipokea. Pili, anamwomba Kanali senti 55, naye anajibiwa kwamba askari haendi vitani na chenji mfukoni. Tatu, anaomba aina ya simu iliyo rahisi zaidi, na bado zinapungua senti 20. Nne, anamtaka Kanali aipige risasi mashine ya kuuzia Coca-Cola ili sarafu zilizomo zitoke. Kanali, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa akiwapiga risasi askari wenzake bila kusita, anasita mbele ya mashine hiyo kwa kuwa ni mali ya mtu. Anapokubali hatimaye, anamwonya Mandrake kuwa asipompata Rais atawajibika kwa kampuni ya Coca-Cola. Sarafu zinamwagika, na soda inamrukia Kanali usoni.

Tashtiti ya tukio hili haimo katika soda inayoruka. Imo katika mpangilio wa heshima. Mwili wa askari umetobolewa bila swali lolote, lakini kifuli cha mashine ya soda kinajadiliwa kama suala la sheria. Guano si mwovu wala si mjinga kama anavyochukuliwa mara nyingi. Ni mtu aliyefunzwa vizuri. Anajua ni kitu gani katika jamii yake kinaweza kuvunjwa na kipi hakivunjwi. Kwa hivyo, sarafu inaanika maadili ambayo hotuba zote za Chumba cha Vita zinayaficha.

Uchumi wa maangamizi

Maana ya senti 20 hukamilika pale zinapowekwa sambamba na fedha nyingine zinazotajwa katika filamu. Ndani ya ndege inayokwenda kupiga bomu, rubani Kong anawasomea wenzake orodha ya vitu vilivyomo katika mfuko wa dharura wa kila mmoja. Pamoja na bastola na dawa, kila mtu amepewa dola 100 za rubo na dola 100 za dhahabu. Dola iliyowaandaa watu hawa kuangamiza haikusahau hata chenji ya safari. Aliyekuja kuzuia maangamizi ndiye anayeomba senti.

Vilevile balozi wa Urusi anapoeleza sababu ya nchi yake kujenga Mashine ya Kiyama, itakayoua viumbe vyote, sababu moja ni ya bajeti. Mashine hiyo iligharimu sehemu ndogo tu ya fedha zilizokuwa zikitumika kwa ulinzi katika mwaka mmoja, na wananchi walikuwa wakilalamika wakitaka soksi za nailoni na mashine za kufulia. Kwa kauli nyingine, kiama kimechaguliwa kwa sababu ni rahisi. Rais wa Marekani naye anazungumza na kiongozi wa Urusi kwa simu kwa muda mrefu, wakilaumiana na kuombana radhi kama marafiki waliokosana, wala hakuna anayewadai hata senti. Simu ya wakubwa haina tundu la sarafu. Kwa mintarafu hii, sarafu inabainisha tabaka: walio juu huzungumza bure hata wanapokuwa hawana la maana la kusema, na aliye chini hulipia hata neno la kuuokoa ulimwengu.

Hata hivyo, Kubrick haipi sarafu ushindi kamili. Simu inapita, herufi zinafika, ndege zilizosalia zinarudi, isipokuwa moja ambayo redio yake imeharibika. Hiyo moja inatosha. Methali isemayo kuwa mdharau mwiba mguu huota tende inaafiki mwelekeo huu wa filamu, ila Kubrick anaongeza ukali: hata baada ya mwiba kung'olewa, mguu umekwisha kuoza.

Januari 1964 kutoka Gilgil

Filamu ilianza kuonyeshwa tarehe 29 Januari 1964, baada ya kuahirishwa kwa sababu ya kuuawa kwa Rais Kennedy Novemba 1963. Juma lililotangulia Afrika Mashariki ilikuwa na tamthilia yake yenyewe ya kambi za jeshi. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam. Tarehe 23 uasi ukazuka Jinja, Uganda. Jioni ya tarehe 24 ikawa zamu ya Lanet, karibu na Nakuru, ambako askari wa Batalioni ya 11 ya Kenya Rifles walikuwa wakingoja hotuba ya Waziri Mkuu Jomo Kenyatta kwa matumaini ya kusikia nyongeza ya mshahara. Neno walilolingoja halikuja, nao wakavunja ghala la silaha. Waliokwenda kuuzima uasi huo ni askari wa mizinga wa Uingereza, Royal Horse Artillery, waliokuwa na kambi yao Gilgil. Batalioni ya 11 ilivunjwa baadaye na baadhi ya askari wake wakashtakiwa katika mahakama ya kijeshi.

Makala haya hayadai kwamba filamu iliathiriwa na matukio hayo, kwani ilikuwa imekamilika kabla hayajatokea. Linalodaiwa ni kwamba matukio haya mawili yanaulizana maswali. Katika filamu, askari hana chenji na hajali. Anailinda sarafu ya kampuni. Huko Lanet, askari hana chenji na anajali sana. Anadai shilingi zake kwa serikali iliyokuwa na umri wa majuma sita tu, chini ya maofisa ambao wengi walikuwa Waingereza bado, na kwa sarafu iliyokuwa ikitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo cha kikoloni cha tangu 1919. Shilingi ya Kenya yenyewe ilingojewa hadi 1966. Katika filamu, ofisa Mwingereza anaomba sarafu ili azuie maafa. Katika Bonde la Ufa, ofisa Mwingereza anaitwa kumnyamazisha anayeomba sarafu.

Mipaka ya tashtiti

Ni katika ulinganisho huu ambapo udhaifu wa filamu unajitokeza. Kubrick anawadhihaki majenerali kwa ukatili unaostahili, lakini askari wa chini hana sauti katika kazi yake. Wanaume wanaoilinda kambi ya Ripper wanakufa wakiamini wanapigana na Warusi, na suala la malipo yao halipewi nafasi. Hadhira inacheka kwamba Guano hana senti mfukoni bila kuulizwa senti hizo ziko wapi. Huenda ikatetewa kwamba tashtiti haina wajibu wa kusema kila jambo, na kwamba hofu ya wakati ule ilikuwa bomu, si posho. Utetezi huu una uzito. Lakini msanii mwenyewe ndiye aliyechagua kuuning'iniza ulimwengu kwenye senti 20. Akishaileta sarafu jukwaani, mhakiki ana haki ya kuuliza ilitoka mfuko wa nani.

Gilgil inaongeza jambo jingine. Mji huu, ambao hadi leo ni mji wa kambi, ndipo pia palipokuwa na kiwanda cha Gilgil Telecommunications Industries, kilichotengeneza vifaa vya simu chini ya Shirika la Posta na Simu la Kenya kabla shirika hilo halijagawanywa mwaka 1999. Kwa kizazi kilichopanga foleni nje ya vibanda vya posta, kikishika shilingi mkononi na kusikiliza mlio wa kuonya kwamba muda unakwisha, jasho la Mandrake halikuhitaji ufafanuzi. Mwanafunzi wa leo, aliyekua na simu ya mkononi na M-Pesa iliyoanza mwaka 2007, hana budi kuelezwa kibanda hicho kilikuwa nini. Lakini anaelewa vyema maana ya kuishiwa na salio wakati wa dharura. Chombo kimebadilika na uhusiano umebaki: neno la mnyonge bado linapimwa kwa kiasi alicho nacho.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa sarafu katika Dr. Strangelove hutenda kazi tatu. Inafichua kwamba mali imewekwa juu ya uhai, inatenganisha wanaozungumza bure na wanaolipia, na inaweka mpaka wa matumaini, kwa kuwa hata ikipatikana haitoshi. Yameonyesha pia kwamba filamu inaishia pale ambapo historia ya Bonde la Ufa inaanzia, yaani kwa askari mwenye madai yake mwenyewe. Uhakiki wa filamu za kigeni katika vyuo vyetu haupaswi kuridhika na kueleza kilichowachekesha wenyewe walioitengeneza. Unapaswa kuisoma kazi kutoka mahali msomaji aliposimama. Anayeisoma hii akiwa Gilgil ataona kwamba senti 20 za Mandrake na shilingi za Lanet zinadai jambo moja: dola isiyokuwa na chenji kwa watu wake wadogo haijui ni simu ipi itakayokosa kupigwa.