Kamera Inayolipenda Jua la Saa Saba

Aisee, nimeuona mwembe mweupe! Mwembe wa hapa hapa Manyamanyama, Bunda, jua la saa saba likiwaka utosini: majani meupe pe kama pamba iliyopasuka shambani, na juu yake anga jeusi linalotisha kwa uzuri. Hiyo ni picha ya kwanza kutoka kwenye kamera ndogo ya zamani niliyoifungua mezani nyumbani ili inase mwanga usioonekana kwa macho, na tayari natangaza: hakuna zawadi kubwa kuliko hii kwa kamera iliyosahaulika kabatini.

Jicho letu huishia kwenye mwanga wa nanomita 700 hivi. Sensa ya silikoni ya kamera hufika karibu 1,100. Kiwandani huuzuia mwanga huo wa ziada, yaani infraredi, kwa kijioo chembamba chenye rangi ya samawati, ili picha zifanane na tunavyoona. Kitoe hicho, na miale ya infraredi inaingia yenyewe! William Herschel aliigundua mwaka 1800 kwa mche wa kioo na vipimajoto. Robert Wood alichapisha picha za infraredi mwaka 1910. Leo inatosha bisibisi ndogo, meza safi na mkono uliotulia.

Ila sikilizeni: kapasita ya flashi hubaki na volti 300 hivi hata betri ikitolewa. Isiguswe kabla ya kumalizwa chaji kwa rezista, na asiyejua amwite fundi wa redio. Baada ya hapo ni raha tupu. Kijioo kinatoka, kioo angavu cha unene uleule kinaingia ili fokasi isipotee, na mbele yake kipande cheusi cha mkanda wa picha za rangi, ile ncha iliyoungua kwa mwanga kabla ya kusafishwa. Mwanga wa kawaida unakwama hapo, infraredi inapita!

Na matokeo? Jamani! Majani mabichi huirudisha infraredi kwa wingi, ndiyo maana miti inang'aa. Maji huimeza, kwa hiyo Ziwa Victoria linatoka jeusi kama wino. Anga safi haliitawanyi sana, basi linakolea, na mawingu yanajitokeza kwa ukali wa ajabu. Mawe makubwa ya vilima vyetu yanabaki ya kijivu, mazito, katikati ya weupe wote huo.

Mwaka 2013, mpiga picha Richard Mosse aliwashangaza watazamaji wa maonyesho ya Venice kwa milima ya Kivu yenye rangi ya waridi, aliyoipiga kwa filamu ya infraredi ya Kodak iliyobuniwa kufichua maficho ya kijeshi. Filamu ile haitengenezwi tena. Kamera kuukuu zipo tele!

Upungufu upo: baadhi ya lenzi huacha doa jeupe katikati ya picha, na kamera hii haitapiga tena harusi kwa rangi za kawaida. Sijali hata kidogo. Wapiga picha tumefundishwa kulikimbia jua la mchana na kungoja asubuhi au jioni. Kamera hii inalitaka jua lilelile, kali, la wima, ambalo mkoa wetu wa Mara umejaliwa kwa wingi. Saa tulizokuwa tunazitupa sasa ndizo saa za kazi. Mwenye kamera ya ziada na aifungue; mimi naipa alama zote.