Pongezi kwa RUCU, kutoka Kasokola

Kijana wa Kasokola, mkoani Katavi, anayetaka shahada ya kompyuta husafiri mbali: Mpanda, Sumbawanga, Tunduma, Mbeya, hadi Iringa. Huko kipo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, RUCU, kilichoanza mwaka 2005 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Tanzania (SAUT). Nakipongeza kwa dhati. Kanisa Katoliki lingeweza kutosheka na theolojia na ualimu. Likafundisha pia sayansi ya kompyuta. Mwanafunzi hukaa na programu iliyogoma, akaisoma mstari kwa mstari hadi aone nukta-mkato iliyosahaulika. Uvumilivu huo ni malezi pia. Wazazi wa Katavi, kabla mtoto hajaomba chuo, fungueni naye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), msome sifa za kujiunga.